Chacha, Mwalimu na Koma

Ukisimama stendi ya Tarime ukaita "Chacha!", usishangae wakigeuka kwa pamoja dereva, mpiga debe, muuza ndizi na askari wa usalama barabarani. Kwa Wakurya jina hilo limeenea sawa na Mwita na Marwa, na ndiyo maana anayelitaja hulazimika kuongeza maelezo. Chacha yupi? Yule mwalimu. Yule wa bodaboda. Yule aliyehamia Sirari.

Katika shule moja ya sekondari ya kata ya Nyamisangura, ndani ya Mji wa Tarime, mwalimu wa Kiingereza amelitwaa tatizo hilo akalifanya kipindi kizima. Huandika ubaoni sentensi tatu, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule:

Chacha the teacher is here.
Chacha, the teacher, is here.
Chacha, the teacher is here.

Halafu huweka chaki chini na kuwaacha Kidato cha Pili wabishane. Ya kwanza inasema akina Chacha ni wengi, na aliyefika ni yule mwalimu. Ya pili inasema Chacha tunamjua, hakuna wa kumchanganya naye. Kwamba ni mwalimu ni habari ya nyongeza tu. Ya tatu haisemi kabisa kwamba Chacha amefika mahali. Chacha ndiye anayeambiwa, pengine kwa kunong'onezwa, kwamba mwalimu kaingia, afiche simu.

Wanafunzi humwita Madam, nami nitamwita hivyo hivyo. Kiingereza chake ni kizuri, lakini wenye Kiingereza kizuri wapo wengi. Ninachokistahi ni kwamba haigusi koma ya mtu kabla hajajua mtu huyo alitaka kusema nini. Msahihishaji wa kawaida huona kosa la alama. Yeye huona swali kuhusu jambo lenyewe: watu ni wangapi, nani anaambiwa, kipi kilitangulia. Akishapata jibu, alama hujiweka yenyewe.

Wengi wetu tulifundishwa kanuni moja tu: weka koma pale unapovuta pumzi. Madam haikejeli kanuni hiyo, kwa sababu ina nasaba. Huko Alexandria, Misri, yapata miaka 200 kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya mji huo, alibuni nukta za kuwekwa kwa vimo tofauti ili msomaji wa sauti ajue pa kutua kidogo na pa kutua sana. Wagiriki waliandika maneno yakiwa yameshikamana bila nafasi, na kusoma kulikuwa kazi ya ulimi. Umbo la koma tunalolijua leo, kimkia kinachoning'inia chini ya mstari, lilienea kutoka Venice katika miaka ya 1490, katika karakana ya uchapaji ya Aldus Manutius. Watu walipozoea kusoma kimya kimya, koma nayo ilibadilishiwa kazi polepole. Katika Kiingereza cha leo kazi yake kubwa ni kuonyesha kipi kimeshikana na kipi. Pumzi hufuata baadaye, na mara nyingine haifuati kabisa.

Mtoto wa Nyamisangura anafika Kidato cha Kwanza na koma ya sikio, tena aliipata mahali pa heshima. Fungua mashairi ya Shaaban Robert: mshororo wa mizani 16 unakatwa katikati, 8 za ukwapi na 8 za utao, na mkato unakaa hapo kwa sababu ya mapigo, hata pale ambapo sarufi haikuuhitaji. Katika miswada ya kale ya pwani, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, mpaka wa kipande na kipande ulionyeshwa kwa alama ndogo au kwa nafasi. Huo ni mkato wa mwimbaji, na katika shairi ndio ulio sahihi. Mtoto aliyeuzoea, akiambiwa sasa andika insha ya Kiingereza kuhusu likizo yako, hupiga koma kila palipo na pigo. Na kuanzia Kidato cha Kwanza, Kiingereza hicho ndicho lugha ya masomo yake karibu yote. Koma ya sikio itamfuata hadi kwenye baiolojia na historia.

Nimemtazama Madam akisahihisha insha hizo jioni, madaftari yakiwa yamepangwa upande wake wa kushoto. Kila insha huisoma mara mbili. Mara ya kwanza peni nyekundu ina kifuniko chake, na hapo anasoma safari ya mnadani au harusi ya shangazi mpaka mwisho, akicheka panapochekesha. Mara ya pili ndipo kifuniko kinatoka. Hata hivyo hapachiki koma iliyosahauliwa wala hafuti iliyozidi. Anachora kistari pembeni, mkabala na mstari wenye tatizo, na kumwachia mwenye insha alitafute. Insha moja, aina moja ya kosa. Daftari lililovuja wino mwekundu, anasema, halisomwi. Hufungwa na kutiwa begini.

Na makosa yenyewe anayajua kwa asili yake. Chukua hili, ambalo hukutana nalo kuliko yote:

I woke up early, I took the cows, I went to the market, I met my uncle.

Kwa Kiingereza hizo ni sentensi nne zilizobandikwa kwa koma, na koma haina nguvu ya kubandika sentensi kamili. Lakini zirudishe katika Kiswahili: niliamka mapema, nikachukua ng'ombe, nikaenda mnadani, nikamkuta mjomba. Hakuna kasoro. Kiungo kimo ndani ya kitenzi, ni ile -ka- inayosema hili lilifuata lile, na mkato una kazi nyepesi ya kutenganisha tu. Mwanafunzi alipovuka kwenda Kiingereza alibeba mikato akaiacha -ka-, kwa kuwa Kiingereza hakina mahali pa kuipokea. Madam huandika sentensi ya Kiswahili pembeni, akaipigia mstari kila -ka-, na kumwuliza mtoto: hivi vitatu umevipeleka wapi? Mtoto akishaona alichopoteza, dawa anaitafuta mwenyewe. Anaweza kutia nukta. Anaweza kutia kiunganishi. Au anaweza kuiacha "I" moja itawale vitenzi vyote: I woke up early, took the cows to the market, and met my uncle. Sentensi ya mwisho imenyooka, na imepatikana bila mtu kuambiwa kwamba hajui.

Hutokea mjuaji akamletea ile kauli mashuhuri ya Julius Caesar, ya kuja, kuona na kushinda, ambayo kwa Kiingereza huandikwa kwa koma tupu. Madam humkubalia. Vishazi vifupi, vyenye urefu sawa na mwendo mmoja, Kiingereza huvivumilia vikiunganishwa hivyo. Kisha humwambia arudi na sentensi yake mwenyewe inayotimiza masharti hayo.

Kosa la pili lina undugu na la kwanza. "Although he was sick, but he came." Mwandishi wake ametafsiri kwa uaminifu: ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja. Kiswahili hakioni ubaya kutaja mgongano mara mbili, mwanzoni na katikati. Kiingereza kinataka mara moja. Hapa kalamu ya Madam hufanya jambo ninalolipenda: inakata "but" na kuiacha koma ilipokuwa. Ukisoma tena, Although he was sick, he came, unaona kwamba koma imesimama mahali pa "lakini" na sentensi haikudhoofika. Baada ya hapo mtoto haioni tena koma kuwa pambo.

La tatu ni gumu zaidi kulieleza, na walimu wengi hulikata bila kusema neno. "The students who came late yesterday, were told to sweep the compound." Koma hiyo imekaa kati ya kiima na kitenzi chake, mahali ambapo Kiingereza hakiruhusu koma moja ya peke yake, hata kiima kiwe kirefu kiasi gani. Lakini kwa nini mtoto aliiweka? Kwa sababu alichoka, ndiyo. Kiima kilikuwa kirefu. Na pia kwa sababu katika Kiswahili angeiweka bila madhara makubwa: wanafunzi waliochelewa jana, waliambiwa wafagie uwanja. Ile wa- iliyo mwanzoni mwa "waliambiwa" inageuka nyuma na kuwashika wanafunzi, koma iwepo isiwepo. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinachokiunganisha na kiima chake ni ujirani tu, na koma ikiingia kati ujirani unavunjika. Madam hulieleza hili kwa kuandika sentensi zote mbili na kuzungushia wa- duara. Darasa huelewa, kwa sababu limeelezwa kwa kitu linachokimiliki.

Yapo mengine ambayo hayahitaji maelezo marefu, yanahitaji mbuzi tu. "While Mwita was eating the goat ran away." Msomaji anaanza kwa kudhani Mwita anamla mbuzi, kisha mbuzi anakimbia, na msomaji inambidi arudi mwanzo kupanga upya. Koma baada ya "eating" inamwokoa mbuzi tangu mwanzo. Igeuze sentensi, the goat ran away while Mwita was eating, na koma haihitajiki tena, kwa kuwa hakuna wa kukosea. Vivumishi navyo vina kipimo chake: jaribu kutia "and" katikati. "A stubborn, greedy goat" ni mbuzi mkaidi na mlafi, kwa hiyo koma inakaa. "A big black cow" haikubali "and" kwa urahisi, kwa hiyo koma haikai. Watoto wa wafugaji, waliozoea kutaja ng'ombe kwa rangi yake kabla ya lolote, hulipata hili haraka.

Koma ya kumwita mtu anaifundisha kwa jalada la kitabu. Mwaka 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha riwaya yake Weep Not, Child, na mara nyingi utaliona jina hilo limeandikwa bila koma, kwenye mitihani ya majaribio na hata kwenye orodha za vitabu. Koma ile ndiyo inayoonyesha kwamba mtoto yupo mbele ya msemaji na anaambiwa asilie. Ukiiondoa, maneno matatu yanabaki bila anayeambiwa. Kiswahili nacho kinaihitaji: "Usilie, mwanangu" haisomeki sawa na "Usilie mwanangu". Ni kanuni adimu ambayo sikio na sarufi vinakubaliana, na Madam huitumia kuwapumzisha waliochoka kusahihishwa.

Ikiwa kuna anayedhani haya ni ya darasani tu, zipo kesi. Roger Casement alikuwa konseli wa Uingereza aliyeandika, mwaka 1904, ripoti iliyofichua ukatili wa biashara ya mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold II. Miaka kumi baadaye alikwenda Ujerumani kutafuta msaada kwa ajili ya uhuru wa Ireland, na mwaka 1916 alishtakiwa London kwa uhaini chini ya sheria ya mwaka 1351. Sheria hiyo, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Kinormani, ilitaja kuambatana na maadui wa mfalme ndani ya milki yake, kuwapa msaada ndani ya milki, "au kwingineko". Je, "kwingineko" kunahusu kutoa msaada tu, au pia kuambatana kwenyewe? Mawakili wake walidai kwamba kilichofanyika Ujerumani hakiguswi na sheria hiyo. Tafsiri ya Kiingereza ilikuwa na koma iliyosema vingine, na majaji walifika mpaka kuukagua mswada wa kale wenyewe. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na tangu hapo husemwa kwamba alinyongwa kwa koma.

Ya pili haina damu. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria iliwanyima malipo ya saa za ziada wafanyakazi wa kazi kadhaa za vyakula, na mwishoni mwa orodha ya kazi hizo ilisomeka "packing for shipment or distribution of". Hapakuwa na koma baada ya "shipment". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema: kinachotajwa hapo ni kufungasha tu, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, sisi hatufungashi, sisi tunasambaza, basi tulipwe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba sheria ina utata na ikaamua upande wao, na mwaka uliofuata kampuni ilikubali kumaliza shauri kwa dola milioni 5.

Koma iliyokosekana pale, ile ya kabla ya "and" au "or" ya mwisho katika orodha, ndiyo inayowagawa waandishi wa Kiingereza hadi leo. Magazeti ya Uingereza kwa kawaida huiacha. Wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford huiweka. Madam hana upande. Anataka mwanafunzi achague na abaki na uchaguzi wake mpaka mwisho wa insha, isipokuwa pale utata unapoingia. Hapo koma inawekwa hata na asiyeipenda. Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wake. Ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria zetu na ya mahakama zote. Sheria nyingi zilizotutawala tangu ukoloni ziliandikwa kwa Kiingereza, na mikataba mingi inaendelea kuandikwa hivyo. Anayetia saini bila kuona koma imekaa wapi anajua nusu tu ya alichokitia saini.

Lakini kilele cha ufundi wa Madam ni koma mbili zinazozunguka maelezo ya ziada. Huwaambia wanafunzi kwamba koma hizi hazitembei peke yake. Ni maksai wa plau, mmoja akiwa hayupo kwenye nira mwenzake hazunguki popote. Kisha huwapa kazi: andika sentensi moja kuhusu ndugu yako. Anayeandika "My brother, who lives in Musoma, is a driver" ametangaza kwamba ana kaka mmoja tu. Anayeandika "My brother who lives in Musoma is a driver" ametangaza kwamba anao wengine, na huyu ni yule wa Musoma. Koma zimehesabu watoto wa mtu bila kutaja idadi. Hakuna kamusi itakayomwambia mwalimu ipi ni sahihi. Jibu liko nyumbani kwa mwanafunzi.

Ndiyo maana nilikaa kimya siku daftari moja lilipofunguliwa penye sentensi hii: "My mother who lives in Sirari sells clothes." Vitabu vya sarufi viko wazi hapo. Mtu ana mama mmoja, kwa hiyo maelezo ni ya ziada, kwa hiyo koma mbili ni za lazima. Mimi ningezitia bila kufikiri. Madam alichora alama ya kuuliza pembeni, na kesho yake akamwita kijana.

Una mama wangapi?

Watatu, alijibu. Mmoja yuko Sirari, mmoja Nyamongo, na aliyemzaa yuko hapa hapa Nyamisangura. Baba yake ana wake watatu, na kwa kijana wote ni mama. Hajafundishwa kuwaita vinginevyo. Madam akaweka tiki. Koma ambazo vitabu vinazidai zingewafuta mama wawili walio hai, na kijana alikuwa ameandika Kiingereza sahihi kabisa kuhusu boma lao. Msichana aliyefuata, mwenye mama mmoja, alikuwa na sentensi ya muundo ule ule, naye akapata kistari.

Kipindi kilichofuata aliiandika sentensi hiyo ubaoni, bila jina la mwenyewe, kisha chini yake akaandika nyingine: "My father who lives in Sirari is a farmer." Alitaka waone kwamba mama wakiwa wengi baba hubaki mmoja, na kwa hiyo hapo koma ni lazima kwa kila mtu darasani. Mikono ikanyooka kabla hajamaliza. Na baba mkubwa je, Madam? Na baba mdogo? Hawa si baba? Aliyatazama maneno yake mwenyewe ubaoni, akaitwaa chaki, na badala ya koma akachora alama ya kuuliza.